Gari Tulipendalo na Chumvi ya Barabarani: Ushauri kwa Mlaji kabla ya Majira ya Baridi

Hotuba ya washauri wa walaji wa manispaa kwa wakazi wa Uswidi wanaozungumza Kiswahili



Kazi yetu sisi washauri wa walaji ni kumsaidia mnunuzi azijue haki zake kabla hajatoa fedha, na kumwonyesha pa kwenda iwapo mambo yataharibika baada ya fedha kutoka. Kwa kawaida tunaitwa kuzungumzia simu, mikopo na samani. Leo tumeombwa kuzungumzia jambo lenye mapenzi ndani yake, nalo ni kumiliki gari la zamani katika nchi ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka hufunikwa na theluji, na ambayo barabara zake hunyunyiziwa chumvi.

Mtu apendaye gari la zamani si lazima awe tajiri. Wapo miongoni mwenu wanaolikumbuka Peugeot 404 au 504 lililowapeleka shule, na wapo waliosimuliwa na wazee wao habari za mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh wa Kenya pamoja na nduguye Jaswant, wakiendesha Volvo PV544, gari lililoundwa hapa Uswidi. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anapovutiwa na Volvo la zamani, hapendi kitu kigeni kabisa.

Na magari hayo yana mengi ya kupendwa. Volvo Amazon lilitengenezwa kuanzia mwaka 1956 hadi 1970. Mwaka 1959 PV544 na Amazon yalianza kufungwa mkanda wa usalama wenye ncha tatu, kazi ya mhandisi Nils Bohlin, ambao leo umo karibu katika kila gari duniani. Amazon la mwaka 1966 lilianza maisha yake likiendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kama tuendeshavyo Kenya, Uganda na Tanzania, ingawa usukani wake ulikuwa kushoto. Uswidi ilihamia upande wa kulia tarehe 3 Septemba 1967. Gari kama hilo ni kumbukumbu ya nchi inayotembea.

Neno letu la leo ni fupi. Kwa gari la zamani, baridi yenyewe si adui mkubwa. Maadui ni watatu: chumvi, unyevu na mapatano yasiyoandikwa. Wote watatu hushindwa kwa urahisi kabla theluji haijaanguka, na kwa gharama kubwa baada ya hapo.

Chumvi hulifanya nini gari

Maji safi huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Yakichanganyika na chumvi, huhitaji baridi zaidi ili yagande. Ndiyo maana chumvi ikimwagwa juu ya barafu nyembamba huigeuza kuwa maji, na magari hupita bila kuteleza. Kadiri baridi inavyozidi, nguvu hiyo hupungua. Baridi inapopita nyuzi 21 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haiyeyushi tena barafu. Kwa sababu hiyo, katika mikoa ya kaskazini barabara nyingi huachwa na tabaka la theluji iliyoshindiliwa, kisha humwagiwa mchanga au kokoto ndogo. Kusini na katikati ya nchi, ambako hali ya hewa hupanda na kushuka kando ya sifuri, chumvi hutumika kwa wingi. Hapa pana funzo linalowashangaza wengi: gari lililoishi kusini penye baridi nafuu laweza kuwa limeliwa na kutu kuliko lile lililoishi kaskazini penye baridi kali.

Waliokulia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hawahitaji mwalimu wa somo hili. Wameyaona mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari yakitoboka mapema kuliko yale ya bara. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na mikondo hiyo midogo ya umeme huiharakisha kutu. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo mahali palipopata chumvi huchelewa kukauka. Kutu ikishazaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi huvimba ndani ya maungio, huyasukuma mabati yaachane, na kuyafungulia maji njia mpya.

Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yaliundwa kwa mabati yasiyopakwa zinki. Zaidi ya hayo, magari kama Amazon hayana fremu ya peke yake. Nguvu yake imo ndani ya bodi yenyewe, katika mihimili yenye uwazi inayopita chini ya milango. Mihimili hiyo huoza kuanzia ndani. Rangi ya nje yaweza kung'aa kama kioo huku mfupa wa gari umekwisha. Anayeendesha gari la namna hiyo hayuko katika hatari ya kupoteza fedha tu. Siku ya ajali, kilichopaswa kumkinga yeye na watoto wake hakipo.

Jambo jingine ni joto. Kutu hukimbia katika joto na hutambaa katika baridi. Mtu anayerudi jioni na gari lililolowa maji ya chumvi, akaliingiza katika gereji yenye joto kwa kulionea huruma, hulidhuru kuliko yule anayeliacha mahali penye baridi na upepo. Huruma ya kweli ni kuliosha kwanza, hasa chini, kisha kuliacha likauke kabisa.

Kununua kwa macho, si kwa moyo

Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Muuzaji mzoefu humjua mnunuzi aliyekwisha kupenda hata kabla hajataja bei. Tunachowaomba ni kwamba kabla ya kwenda kuona gari, mwandike kwenye karatasi bei msiyoweza kuivuka na kasoro msizoweza kuzikubali, na muende na mtu asiyelipenda gari hilo.

Gari litazamwe mchana, likiwa safi na kavu. Gari lililofunikwa theluji au tope haliwezi kukaguliwa. Linyanyuliwe juu kwenye karakana. Zulia la ndani liinuliwe ili sakafu ionekane. Tazameni mihimili ya chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, upande wa chini wa madigadi ya mbele, na shimo la tairi la akiba ndani ya buti. Chukueni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi: pale isiposhika, chini ya rangi hapana chuma, pana lepe la kuzibia matundu. Na chini ya gari pakiwa pamepakwa rangi mpya nyeusi, nzito kama lami, ulizeni imepakwa lini, na nani, na juu ya nini. Lami iliyopakwa juu ya kutu huificha kutu na kuutunza unyevu wake. Muuzaji aliyefanya kazi ya kweli huwa na picha za kabla na baada pamoja na risiti. Asiye na picha, asiye na risiti, na asiyetaka gari linyanyuliwe, anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kulipa, tafuteni habari za gari kwa namba yake katika daftari la magari la Transportstyrelsen: mmiliki ni nani, ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na je, gari limezuiwa kuendeshwa? Ulizeni pia kama linadaiwa. Msitume amana kwa gari ambalo hamjaliona na kwa mtu ambaye hamjathibitisha kwamba ndiye mmiliki, hata kama anasema wanunuzi wengine wako mlangoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ni lazima pia mjue mnanunua kwa nani, kwa kuwa sheria mbili tofauti zinahusika.

Mkinunua kwa mfanyabiashara, mnalindwa na sheria ya manunuzi ya walaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Muuzaji huwajibika kwa kasoro zilizokuwapo wakati wa kukabidhiana, nanyi mna miaka 3 ya kuzilalamikia. Kasoro ikijitokeza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwa kawaida hudhaniwa kwamba ilikuwapo tangu awali, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Maneno ya jumla kwamba gari linauzwa “kama lilivyo” hayamwondolei mfanyabiashara wajibu huo. Hata hivyo sheria haigeuzi gari la mwaka 1966 kuwa jipya: umri, bei na hali ya gari huzingatiwa katika kupima mlichostahili kutarajia. Mkinunua kwa mfanyabiashara bila kukutana ana kwa ana, kwa simu au mtandaoni, kwa kawaida mna siku 14 za kubadili nia.

Mkinunua kwa mtu binafsi, mambo hubadilika. Hapo hutumika sheria ya mauziano ya mwaka 1990. Wajibu wa kukagua ni wenu: kasoro ambayo mlipaswa kuiona mlipolikagua gari hamwezi kuidai baadaye. Maneno “kama lilivyo” hapa yana nguvu, ingawa hayamkingi muuzaji aliyetoa habari za uongo, aliyeficha jambo kubwa alilolijua, au aliyewapa gari bovu kupita kiasi ambacho bei yake ingewafanya mtarajie. Kwa hiyo muulizeni maswali kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi. Swali moja la ujumbe wa simu, “Je, mihimili ya chini imewahi kuchomelewa?”, pamoja na jibu lake, laweza kuwa ushahidi wenu pekee.

Kulilaza gari

Ushauri wetu kwa mwenye gari la zamani alipendalo ni kwamba asiliendeshe kabisa katika majira ya chumvi. Liwekwe kabla chumvi ya kwanza haijamwagwa, na litolewe baada ya mvua za majira ya machipuko kuziosha barabara. Kuliweka si kulitelekeza. Kuna mambo ya kufanya, nayo hayahitaji fundi bingwa.

Gari lioshwe, hasa chini na ndani ya madigadi, kisha liendeshwe siku kavu ili maji yaliyojificha yatoke. Oili ibadilishwe kabla ya kulilaza, kwa sababu oili iliyotumika ina unyevu na asidi ambazo hazifai kukaa ndani ya injini miezi mitano. Tangi la chuma lijazwe mafuta, ili pasibaki nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu wa kulitia kutu kwa ndani. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 petroli ya kawaida ya 95 hapa Uswidi huwa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, nayo yaweza kudhuru mipira na mabomba ya kabureta za zamani na huvuta maji. Petroli ya 98 huwa na ethanoli isiyozidi asilimia 5, na kwa magari mengi ya zamani ndiyo ifaayo.

Maji ya rejeta yapimwe. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli huvumilia baridi hadi takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hupanuka na kuipasua injini kwa usiku mmoja. Lakini tahadhari: glikoli ina ladha tamu na ni sumu kali kwa watoto na kwa wanyama. Isiachwe katika sahani wala katika chupa ya soda.

Betri itolewe na kuwekwa ndani ikiwa imejaa chaji, au iunganishwe na chaja ya kuitunza. Betri iliyojaa huvumilia baridi kali sana. Betri iliyoisha huweza kuganda na kupasuka hata baridi ikiwa nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Matairi yaongezwe upepo kidogo ili yasibonyee upande mmoja. Hendbreki isifungwe, kwa sababu pedi huweza kugandamana na chuma. Badala yake liwekwe gia na magurudumu yazuiwe kwa vipande vya mbao. Panya hupenda viti na nyaya, kwa hiyo mdomo wa ekzosi uzibwe, na karatasi ya kumkumbusha mwenyewe iachwe juu ya usukani.

Lifunikwe kwa kitambaa kinachopumua, wala si karatasi ya plastiki inayofungia unyevu. Na mahali pa kulilaza papimwe kwa ukavu kuliko joto: unyevu wa hewa wa asilimia 50 hivi huisinzisha kutu. Banda la baridi lililo kavu ni bora kuliko chumba cha joto chenye unyevu.

Kishawishi kikubwa cha mwenye mapenzi ni kuliwasha gari kila wiki mbili “lisisahau”. Injini ikiwashwa dakika chache bila kupata joto kamili, huzalisha maji ambayo hubaki ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Aliyelilaza vizuri aliache lilale.

Kisha kuna karatasi. Gari lisilotumika linaweza kusajiliwa Transportstyrelsen kuwa limeondolewa barabarani kwa muda. Kwa kipindi hicho halilipiwi kodi ya gari wala halihitaji bima ya lazima ya barabarani, na haliruhusiwi kuendeshwa, isipokuwa kwa njia fupi ifaayo kwenda kwenye ukaguzi. Asiyefanya usajili huo, kisha akaacha bima ya lazima ikatike, hutozwa ada ya kila siku iliyo kubwa kuliko bima yenyewe, hata kama gari limelala chini ya kitambaa. Pia ulizeni kampuni ya bima kwa maandishi kama gari bado lina kinga ya moto na wizi likiwa limelala. Bima maalumu za magari ya kumbukumbu mara nyingi huwa nafuu, lakini huwa na masharti, kama vile gereji yenye kufuli na gari jingine la matumizi ya kila siku. Anayevunja sharti ili apite njia ya mkato huweza kujikuta hana bima siku anayoihitaji.

Asiye na gari jingine

Tunajua kwamba si kila mtu anaweza kumiliki magari mawili. Kwa mwenye familia na kazi ya zamu, gari moja ndilo linalopeleka mtoto kwa daktari saa nane ya usiku. Ushauri wetu kwake ni mgumu, lakini ni wa kweli: gari la miaka 50 lisiwe gari lake pekee la majira ya baridi. Ni heri alitafute gari la kawaida la bei nafuu lenye matairi mema, na gari la moyo lisubiri mwaka wa neema. Kwa magari madogo kwa jumla, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji, barafu au ute wa barafu, sheria hutaka matairi ya majira ya baridi yenye mfereji usiopungua milimita 3.

Anayelazimika kuliendesha la zamani, basi apake nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kabla ya msimu, alioshe chini kila mara baada ya kupita penye chumvi, na atumie hita ya umeme ya injini kabla ya kuwasha. Hita hiyo iunganishwe kwa waya uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye ati ya usalama, na waya usiachwe ukining'inia katika soketi yenye umeme baada ya gari kuondoka.

Uhai kabla ya gari

Hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Injini ya zamani isiyo na kichujio cha moshi hutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haionekani, hainuki, wala haimchomi mtu koo. Huanza kwa kuumwa kichwa na usingizi, na huua. Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa hata kwa dakika moja, na mlango ulio wazi si kinga ya kutosha. Gari lisukumwe nje kwanza, ndipo liwashwe. Likiwa nje kwenye theluji, mdomo wa ekzosi ufukuliwe kabla ya kuwasha, na watoto wasikae ndani kungoja joto. Gereji ikiwa chini ya nyumba, gesi hupanda hadi vyumba vya kulala.

Karakana, ghala na mapatano

Wahenga walituachia neno jingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi za fundi kwa mlaji hutawaliwa na sheria ya huduma kwa walaji ya mwaka 1985, nayo ina mambo manne yanayomhusu sana mwenye gari la zamani.

La kwanza ni bei. Fundi akitoa makadirio ya bei, haruhusiwi kuyavuka kwa zaidi ya asilimia 15, isipokuwa mmepatana kiwango kingine au pamekuwa na kazi ya ziada mliyoiafiki. Tuseme amekadiria kronor 20,000. Basi hawezi kudai zaidi ya kronor 23,000. Lakini ni lazima muweze kuonyesha kwamba makadirio yalitolewa. Ombeni yaandikwe.

La pili ni kazi ya ziada. Akifungua mlango akakuta mhimili umeoza, anapaswa kuwauliza kabla ya kuendelea. Wekeni katika mapatano namba ya simu na sharti kwamba hakuna kazi ya ziada bila kibali cha maandishi.

La tatu ni wajibu wa kumwonya mteja. Kazi ikiwa haina manufaa ya kuridhisha kwa mlaji, kwa kulinganisha bei yake na thamani ya kitu, fundi anatakiwa kumshauri asiifanye. Kwa gari la zamani wajibu huu ni muhimu, kwa sababu kuchomelea bodi kunaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Mwenye gari ana hiari ya kusema, “Nimesikia, lakini hili lilikuwa la baba yangu, fanya.” Sheria haimkatazi kupenda. Inamtaka fundi ahakikishe kwamba mwenye kupenda anajua bei ya penzi lake.

La nne ni kuhifadhi. Sheria hiyo hiyo huhusu pia kumkabidhi mfanyabiashara kitu akitunze. Lakini kukodi nafasi tu ya kuegesha, ufunguo ukabaki kwenu, si sawa na kukabidhi gari litunzwe. Kabla ya kulipa ghala la majira ya baridi, mapatano yajibu maswali haya: je, ni kodi ya nafasi au ni utunzaji? Nani anawajibika paa likivuja au moto ukitokea? Unyevu unapimwa? Gari linaweza kutolewa lini, na kwa notisi ya siku ngapi? Siku ya kulikabidhi, pigeni picha pande zote, ndani, chini na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Siku ya kulichukua, pigeni tena kabla ya kutoka mlangoni.

Mambo yakiharibika

Kasoro ikionekana, mjulisheni muuzaji au fundi mara moja, kwa maandishi. Katika ununuzi kwa mfanyabiashara, malalamiko yaliyotolewa ndani ya miezi miwili tangu kasoro igunduliwe huhesabiwa kuwa yametolewa kwa wakati. Gari lisipelekwe kwa fundi mwingine kabla ya yule anayewajibika kupewa nafasi ya kurekebisha, na vipuri vilivyotolewa visitupwe, maana ndivyo ushahidi.

Mkishindwa kuafikiana na mfanyabiashara, mnaweza kupeleka shauri mbele ya Allmänna reklamationsnämnden. Shauri hufanywa kwa maandishi na halina malipo. Uamuzi wake ni pendekezo, wala hauna nguvu ya hukumu. Bodi hiyo haisikilizi migogoro kati ya watu binafsi wawili. Migogoro hiyo huenda mahakamani. Kwa ushauri kabla ya hatua yoyote, mna washauri wa walaji wa manispaa, au huduma ya Konsumentverket kwa walaji. Asiyejiamini katika Kiswidi asione haya kuja na mtu wa kumtafsiria, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari la zamani methali hii si mfano tu, kwa kuwa tundu lisilopita sarafu mwezi wa Oktoba huweza kuwa shimo la kupitisha mkono ifikapo Aprili. Theluji bado haijaanguka. Wiki hii lioshwe chini, betri ipimwe, barua ya bima isomwe, na mapatano ya ghala yaandikwe. Mkiyafanya hayo, majira ya machipuko yatakapofika mtalifunua gari lenu mkalikuta kama mlivyoliacha, nanyi mtaliendesha pamoja na wale mnaowapenda.

Sasa tuko tayari kupokea maswali yenu.